Mkono Uliofungua Mwisho

Chombo kikikataa kazi mbele ya watu, ajibuye ni yule aliyekifungua mwisho. Kanuni hiyo haikuandikwa mahali popote, wala haikuhitaji kuandikwa, kwa maana hapakuwa na mtu katika kundi lile la muziki, wala katika nyumba ya mwenye kundi, ambaye angeweza kudai kwamba hakuisikia. Adhabu nayo ilijulikana. Mwenye kosa aliketi kwenye kigoda katikati ya sebule, wenzake wote wakimzunguka. Akakifungua chombo kilekile, akakitengeneza huku akieleza kwa sauti ya kusikika ni wapi mkono wake ulipokosea. Alipokwisha, alikabidhi zana zake, na kwa mwaka mzima hakuruhusiwa kufungua chombo chochote cha kundi. Mpiga ngoma aliyaonja hayo kwa ajili ya ngozi aliyoikaza kupita kiasi, ikapasuka katikati ya wimbo. Mwenye kundi mwenyewe aliyaonja mwaka mmoja kwa sababu ya waya alioufunga ovyo, akaketi kigodani kama wengine, magoti yake marefu yakikaribia kidevu. Tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kuomba ahurumiwe.

Mtu mmoja tu hakuwahi kukikalia kigoda kile. Huyo alikuwa mdogo wake mwenye kundi, ambaye binti wa nyumba ile alimwita Baba Mdogo, na kwa sababu ya binti huyo watu wote wakamwita hivyo, hata waliomzidi umri. Alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio, kati ya fundi cherehani na mkata vioo, na umri wake ulikuwa miaka hamsini na saba. Ujanani alijaribu kujifunza gitaa, vidole vikamkatalia, akaliacha bila kinyongo. Au hivyo ndivyo alivyowaambia watu. Sehemu yake katika muziki ilikuwa moja tu. Alitunza pedali ya kaka yake.

Kaka yake alipiga gitaa la stili. Gitaa hilo halishikwi kifuani. Hulazwa juu ya miguu minne kama meza nyembamba, mpigaji akaketi nyuma yake, na mkono wa kushoto ukatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi badala ya kuzibana kwa vidole. Lakini uhai wa sauti yake umo katika mguu wa kulia, juu ya pedali ya sauti. Vidole vya mguu vikikandamiza, sauti hupanda. Kisigino kikishuka, sauti huteremka. Mpigaji hodari huudonoa uzi sauti ikiwa chini, kisha huipandisha polepole, na msikilizaji hasikii pigo lenyewe bali sauti inayojitokeza tu, kama pumzi ya mtu.

Ndani ya pedali hiyo mambo si mengi. Kuna uzi mwembamba uliopakwa nta, ambao ncha yake moja imefungwa kwenye kikanyagio na nyingine kwenye springi. Katikati umezungushwa mara mbili kwenye mhimili wa kikombe kidogo cha bati ambacho mafundi hukiita volyumu. Mguu ukienda, uzi huvuta, mhimili huzunguka, sauti hupanda. Ni hayo tu. Lakini uzi hulika, springi huchoka, volyumu hujaa vumbi, skrubu za bawaba hulegea. Na kimojawapo kikilegea, watu mia tatu ukumbini husikia. Kwa miaka kumi na minane, kila baada ya miezi mitatu, Baba Mdogo aliipindua pedali ile mezani, akafungua bati la chini, akabadilisha uzi kabla haujakatika wenyewe, akafuta vumbi kwa burashi laini, akapuliza dawa ya kusafishia ndani ya volyumu, akakaza bawaba. Wala hakutia tone la mafuta karibu na uzi, kwa maana uzi ulioingia mafuta huteleza badala ya kuvuta.

Muziki ulipokwisha, watu walimkimbilia kaka yake na kumshika mkono. Baba Mdogo alisimama ukutani, amevaa koti lake la kijivu, akitabasamu kidogo. Hakuna aliyemwendea. Hakujali, kwa kuwa alijiambia kwamba nusu ya sauti ile ni yake, na kwamba kaka yake alilijua hilo hata kama hakulisema.

Kisha binti wa nyumba akaolewa.

Mumewe alikuwa mtu mpole, mwenye kucha safi, ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza mashine za hospitali. Kila Jumamosi alikuja na mkewe kuwasalimu wazee, akaketi kwenye kiti cha pembeni, akasikiliza mazoezi bila kutia neno. Baba Mdogo alimpenda kwa miezi sita. Mwezi wa saba, kundi likiwa katikati ya wimbo wa taratibu, pedali ikakwaruza. Haikuwa mara ya kwanza.

"Hiyo sauti ni ya nini?" mkwe akauliza.

"Vumbi," Baba Mdogo alijibu kabla ya mtu mwingine. "Nitaipuliza dawa kesho."

"Kesho ipi, shemeji?" mke wa kaka yake alidakia kutoka mlangoni, mikono imejaa povu la sabuni. "Hiyo kesho naisikia tangu nibadilishe mapazia. Mimi niko huko jikoni nadhani kuna mtu anakwangua sufuria."

"Sufuria ukiikwangua angalau unapata ukoko," mpiga ngoma akasema.

Watu wakacheka, na Baba Mdogo akacheka nao. Mkwe hakucheka. Aliinama, akasikiliza mguu wa baba mkwe wake ukienda na kurudi, kisha akasema kwa adabu, "Samahani, Baba Mdogo. Vumbi lingekwaruza kila mahali. Hii inakwaruza pale katikati tu, mguu unapokaa sana. Nafikiri utando wa ndani umelika. Volyumu yenyewe imekwisha."

Ilikuwa kweli, na Baba Mdogo aliijua kweli hiyo tangu miezi minne iliyopita. Alikwisha kuzunguka maduka yote akitafuta volyumu ya namna ile, asiipate, na hakutaka kumwambia kaka yake kwamba kuna jambo lililomshinda. Basi alipuliza dawa, na kupuliza tena, akitumaini kwamba kuna siku itanyamaza.

"Mdogo wangu, wewe unasemaje?" kaka yake akauliza.

"Nasema ni vumbi."

"Umeipuliza mara ngapi?"

Kaka yake akaichomoa pedali kwenye waya, akaifuta kwa kiganja, akampa mkwe. "Iangalie wewe. Unashika mashine za wagonjwa, hii haitakushinda."

"Aiangalie," Baba Mdogo akasema, tabasamu lake likiwa palepale. "Kuangalia hakumng'oi mtu jicho."

Lakini njiani kurudi nyumbani hakuona alipokanyaga.

Baada ya majuma mawili mkwe aliirudisha. Kaka yake akaketi, akaweka mguu, akaudonoa uzi mmoja na kuupandisha. Sauti ikatoka safi, bila mkwaruzo hata wa unywele, ikakua mpaka ikajaza sebule, ikafifia pasipo mtu kutambua ilipoishia. Akayafumba macho mzee yule. Akaurudia uzi uleule mara tatu.

"Mwanangu," akasema, "umenirudishia mguu wangu."

Neno hilo lilimwingia Baba Mdogo kama mwiba chini ya ukucha. Katika miaka kumi na minane alikuwa amepokea "haya, asante" na "umemaliza?", na mara moja, katika mwaka wa njaa, mfuko wa unga. Hakuwahi kurudisha mguu wa mtu. Mkwe alipoanza kueleza jinsi alivyoikalisha volyumu mpya, Baba Mdogo alikuwa amekwisha kutoka kwenda uani, akisema ndani hakuna hewa. Alisimama karibu na kamba ya nguo, akitazama shuka zikipepea, na maelezo yale yakasemwa, yakasikilizwa na wote, yakaisha, naye hayupo.

Tangu siku hiyo alianza kuhesabu. Alihesabu kwamba kaka yake humwagia mkwe chai kwa mkono wake mwenyewe, ilhali yeye hujimiminia. Alihesabu kwamba kiti cha pembeni kimesogezwa mpaka karibu na gitaa. Mkwe aliulizwa habari ya amplifaya, akaulizwa habari ya spika iliyokuwa ikitetema, akaulizwa hata kama paa la choo litafaa kuezekwa upya, na kila alipoulizwa, alijibu kwa ufupi, kwa usahihi, kisha akageuka na kusema, "Au Baba Mdogo anaonaje?" Heshima hiyo ilimuudhi kuliko dharau. Mtu akikudharau, una haki ya kukasirika. Huyu hakumwachia hata haki hiyo.

Kila wimbo ulipopigwa, Baba Mdogo alitega sikio akiutafuta mkwaruzo. Aliutamani. Jioni alipopiga magoti kusali, aliwaombea watu wote wa nyumba ile, akimtaja kila mmoja, na alipofika kwa mmoja akamruka. Alijua kwamba amemruka. Alinyanyuka, akapangusa magoti, akalala.

Mwezi huo kundi lilialikwa kupiga katika sherehe ya kumuaga mwalimu mkuu aliyestaafu, Jumamosi alasiri, katika ukumbi wa shule. Nusu ya mji ilikuwa imepita mikononi mwa mwalimu huyo. Kaka yake Baba Mdogo mwenyewe alifundishwa naye kuandika, na alikuwa ametunga wimbo wa gitaa peke yake, bila mwimbaji, kwa ajili ya siku ile. Aliufanyia mazoezi kwa siri, madirisha yamefungwa, kama mwanafunzi.

Ijumaa, jua likiwa bado limesimama, Baba Mdogo alikuja kusaidia kufunga vyombo. Wenzake walikuwa sebuleni wakibishana juu ya mashati.

"Meupe," mpiga besi akasema.

"Wewe ukivaa jeupe unafanana na jokofu," mpiga ngoma akamjibu.

Pedali ilikuwa katika chumba cha nyuma, juu ya sanduku, imefungwa katika kitambaa. Baba Mdogo aliufunga mlango. Alijiambia kwamba ataangalia tu. Kama kuna kosa, na kosa halikosekani katika kazi ya mtu aliyeanza juzi, ni wajibu wake kumwonya kaka yake mapema. Alitoa bisibisi mfukoni, akaipindua pedali, akafungua skrubu nne, akaliinua bati.

Hapakuwa na kosa.

Volyumu mpya ilikuwa imekaa juu ya kipande cha bati kilichokatwa na kulainishwa kingo kwa tupa. Nyaya zilichomelewa kwa matone madogo yanayong'aa, kila tone kama punje ya mtama. Uzi ulikuwa mpya, umepakwa nta sawasawa. Alitafuta skrubu iliyolegea, hakuipata. Aliingiza ukucha chini ya springi akitafuta kutu. Mwishowe aliona fundo la uzi kwenye springi, na moyo ukamruka: fundo lile alilihisi limekazwa mno. Yeye hulegeza kidogo. Alilitia ncha ya koleo ili alipime tu, na springi, iliyokuwa imevutwa kwa nguvu, ikamponyoka. Uzi ukachomoka wote kwenye mhimili, ukajikunja juu ya kiganja chake.

Sebuleni mtu alikuwa akiita, "Baba Mdogo, wewe utavaa nini?"

"Nilichovaa," akajibu kwa sauti kubwa, na mikono yake ikaanza kazi.

Ilikuwa mikono yenye miaka kumi na minane ya kuuzungusha uzi ule, na haikumngoja aifikirie. Ilishika ncha, ikapitisha uzi upande wa juu, ikazungusha mara mbili, ikavuta springi, ikafunga fundo. Haikupita dakika tatu. Aliona kwa macho yake kwamba volyumu ile imeelekea upande usio wa zamani. Macho yaliona, lakini mikono ilikuwa imekwisha kumaliza. Kuijaribu hakuweza, kwa maana amplifaya ilikuwa sebuleni mbele ya watu wote. Akaisukuma kwa kiganja, ikaenda na kurudi vizuri. Akafunga skrubu nne, akaifunika kitambaa, akatoka kwenda kusema kwamba mashati ya buluu yanafaa.

Kesho yake ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Kundi lilipiga nyimbo mbili za furaha, ambazo hazikuhitaji gitaa la stili, kisha wenzake wakaweka vyombo chini na mwenye kundi akabaki peke yake. Alimwinamia mwalimu wake mzee katika safu ya mbele. Akashusha kisigino ili sauti iwe chini kabisa, akaudonoa uzi wa kwanza.

Sauti iliyotoka ilikuwa kama bati linaloanguka sakafuni. Akina mama wa safu ya tatu waliziba masikio. Akakandamiza kwa vidole ili aipandishe kama ilivyo desturi, na sauti ikafa. Akarudisha kisigino, ikalipuka upya. Pedali ilikuwa ikienda kinyume: palipotakiwa kimya ilipiga kelele, palipotakiwa sauti ilinyamaza. Mguu uliozoea njia moja kwa maisha yote haugeuzwi kwa sekunde moja. Mzee akajaribu mara nne, jasho likimtiririka shingoni, na huko nyuma kicheko kikaanza, kwanza kimoja, kisha vingi. Mwalimu aliyestaafu hakucheka. Alitazama viatu vyake. Kaka yake Baba Mdogo akainua mikono kutoka kwenye nyuzi, akaiweka mapajani, akakaa hivyo mbele ya watu wote, mpaka mpiga ngoma alipomhurumia akaanzisha wimbo mwingine.

Baba Mdogo alisimama ukutani katika koti lake la kijivu. Alijua mara moja. Aliona kana kwamba vidole vyake vinafanya tena mizunguko ile miwili, upande wa juu badala ya upande wa chini. Na hapo wazo la pili lilimjia, nalo lilikuwa tamu: hakuna ajuaye. Watamwuliza mkwe.

Jumapili alasiri kundi zima lilikusanyika. Kigoda kilikuwa katikati ya sebule. Mke wa mwenye nyumba aliketi na binti yake kwenye kochi, na hakuna aliyeandaa chai.

"Kanuni mnaijua," kaka yake akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye hakulala. "Ni nani aliyeifungua mwisho?"

Watu wote wakamtazama mkwe. Yeye akaiomba pedali, akaipindua mapajani, akafungua bati. Akatazama ndani kwa muda mrefu. Baba Mdogo aliyaona macho yake yakiufuata uzi, yakisimama kwenye fundo, yakiufuata tena. Kisha mkwe akainua uso, macho yao yakakutana kwa muda usiofika wa kupepesa jicho, akayashusha.

"Kazi iliyomo humu niliifanya mimi, baba," akasema. "Nitajibu mimi."

"Kaa basi."

Akakaa. Binti, mkewe, akashika mkono wa mama yake. Mkwe akatoa koleo, akaanza kueleza kama kanuni ilivyotaka, kwa sauti ya kusikika. "Uzi umezungushwa kupitia juu. Kwa volyumu hii ilipasa upite chini, kwa sababu mhimili wake unaelekea kushoto, kama nilivyowaambia siku ile. Wa ile ya zamani ulielekea kulia." Akaugusa uzi kwa ncha ya koleo. "Mtu aliyeizoea ile ya zamani, mkono wake utampeleka juu wenyewe. Si mkono usiojua kazi. Ni mkono unaoijua sana."

Kaka yake akatikisa kichwa polepole, na Baba Mdogo aliuona uso ule ukilegea. Mpiga besi akaguna kwa huruma. Mama wa nyumba akafuta jicho kwa upindo wa kanga. Na Baba Mdogo, aliyedhani kwamba leo atamwona mtu huyu akishuka, akamwona anapanda. Atatoka kigodani akiwa mkubwa kuliko alivyokaa. Watasema, tazama jinsi alivyokubali bila kujitetea. Pedali alikwisha kumchukulia, na kiti, na neno lile la mguu. Sasa alikuwa amelichukua hata kosa lake, akalisafisha, akalifanya la heshima, akakaa juu yake mbele ya watu. Hakuna kitu cha Baba Mdogo katika chumba kile ambacho hakikuwa mikononi mwa mtu huyu.

Hakuweza kustahimili.

"Ondoka hapo," akasema.

Watu wakageuka.

"Ondoka nakwambia. Hapo ni pangu."

"Baba Mdogo," mpiga ngoma akasema, "hata kigoda cha adhabu nacho unakigombania?"

Hakuna aliyecheka, hata msemaji mwenyewe. Mkwe alibaki ameshika koleo. "Baba Mdogo, yaishe," akasema kwa sauti ya chini. "Mimi nakaribia kumaliza."

"Hayaishi. Mimi ndiye niliyeifungua mwisho. Ijumaa, chumba cha nyuma, ninyi mkibishana juu ya mashati."

Kaka yake alimtazama kama mtu anayesoma barua mara ya pili.

"Nani alikuomba?"

"Hakuna."

"Ilikuwa na shida?"

"Haikuwa na shida yoyote. Nilitafuta kosa nikalikosa."

"Sasa ulikuwa unatafuta nini, mdogo wangu?"

Baba Mdogo alitazama kigoda, si uso wa kaka yake. "Nilikuwa natafuta la kumsema," akajibu. "Ni kijicho, kaka. Sina jina jingine la kukipa."

Kaka yake aligeukia dirisha, mkono ukisugua paja la kulia. Alipogeuka, hakukuwa na hasira usoni mwake, na hilo Baba Mdogo hakulitegemea. Palikuwa na uchovu tu. "Kwa nini hukuniambia kwamba volyumu imekwisha?"

"Ungempa mtu mwingine."

"Ningekwenda na wewe kutafuta nyingine," kaka yake akasema.

Mkwe akainuka. Baba Mdogo akaketi. Kigoda kilikuwa kifupi kuliko alivyodhani miaka yote hiyo alipowatazama wengine, na magoti yalimuuma. Aliichukua pedali, akaufungua uzi alioufunga mwenyewe, akaeleza. Alieleza fundo alilolisingizia, springi iliyomponyoka, mikono iliyokimbia mbele ya macho, na kutojaribu kazi kwa sababu ya kuogopa kusikiwa. Alieleza pia kwamba siku mkwe alipoonyesha jinsi ya kuikalisha volyumu, yeye alikuwa uani akitazama shuka. Sauti yake ilikwama mahali pawili, na mahali pawili akarudia ili asikike. Kisha akaupitisha uzi upande wa chini, mara mbili, akavuta springi, akafunga. Jasho lilidondoka juu ya bati, akalifuta kwa mkono wa shati.

Kaka yake akaichomeka, akashusha kisigino, akaudonoa uzi. Sauti ikatoka chini, ikapanda, ikajaza chumba.

"Sawa," akasema.

Baba Mdogo akazikunja zana zake katika mkoba wa kitambaa, bisibisi tano, koleo mbili, burashi, kichomeleo kidogo, akamkabidhi shemeji yake. Yeye akaufungia katika kabati la vyombo vya wageni. Jioni hiyohiyo, kabla ya watu kutawanyika, kaka yake alivaa koti, akaenda kwa mwalimu mzee na gitaa lake kumpigia ule wimbo, na aliyembebea pedali alikuwa mkwe.

Mwaka ule pedali ilifunguliwa mara tatu. Mara zote tatu Baba Mdogo alikuwapo, ameketi mikono magotini, akitazama vidole vya mtu mwingine vikifanya kazi iliyokuwa yake. Na kila mara kitu kilimchoma palepale pa zamani, wala hakikupungua. Hata hivyo hakubaki kwake hata mara moja. Mkwe alimsalimu kwa heshima ileile, naye akaitikia. Katika sala hakumruka tena, ingawa alimtaja haraka.

Jumapili ya hamsini na mbili shemeji yake alifungua kabati, akamletea mkoba mbele ya kundi zima.

"Hesabu, shemeji."

Akaufungua juu ya meza, akahesabu. Zilikuwa kamili, koleo moja ilikuwa imepata kutu kidogo kwenye bawaba.

"Adhabu imekwisha," kaka yake akasema, na wote wakaitikia. Kisha akamwita mkwe alete pedali, kwa maana ilikuwa siku yake ya kufunguliwa, na Baba Mdogo akaukunja mkoba wake, akavuta kiti, akakaa kutazama.